Utii wa Askari Unaishia Wapi?

Katika makambi yetu upo usemi ambao kila kruta huusikia kabla hata hajakabidhiwa bunduki: timiza kwanza, uliza baadaye. Usemi huo si mbaya. Askari aliye chini ya risasi hana nafasi ya kujadiliana na sajini wake juu ya kuvuka au kutovuka mto, na platuni inayopiga kura kabla ya kushambulia ni platuni iliyokwisha kushindwa. Jeshi lisilo na utii ni kundi la watu wenye silaha tu, na bara letu la Afrika limekwisha kuonja sana mateso yanayoletwa na makundi ya namna hiyo. Makala haya, basi, hayakuandikwa ili kumfundisha askari ukaidi. Yameandikwa kwa sababu utii una mpaka, na mpaka huo haukubuniwa na watu wasiolipenda jeshi, bali umo ndani ya sheria ile ile inayompa kamanda uwezo wa kuamuru.

Mwanafalsafa wa Kiingereza John Locke, katika kitabu chake juu ya serikali kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1689, alitoa mfano ambao kila askari ataufahamu bila ya kuhitaji shahada. Sajini, alisema Locke, anaweza kumwamuru askari aende moja kwa moja mbele ya mdomo wa mzinga, au asimame mahali ambapo ni karibu na hakika kwamba atauawa, na askari hana budi kwenda. Lakini sajini huyo huyo hawezi kumwamuru askari ampe hata senti moja ya fedha zake. Kadhalika jenerali anaweza kumhukumu askari kifo kwa kuacha lindo lake, lakini kwa uwezo wake wote huo hawezi kuchukua ng'ombe mmoja wa askari yule akamfanya wake. (Locke hakutaja ng'ombe, ng'ombe ni wangu, maana wasomaji wengi wa ukurasa huu watauona uchungu wa ng'ombe upesi zaidi kuliko ule wa sarafu ya Kiingereza.)

Kwa nini mtu awe na mamlaka juu ya uhai wako lakini asiwe nayo juu ya senti yako? Jibu la Locke ni kwamba mamlaka ya kijeshi yametolewa kwa kazi maalumu, yaani kuwalinda watu wote. Amri ya kusogea mbele ya mzinga inatumikia kazi hiyo. Amri ya kutoa senti inatumikia mfuko wa sajini. Urefu wa kamba ya amri hupimwa kwa kazi iliyosababisha amri hiyo iwepo, na pale kazi hiyo inapokwisha, kamba nayo hukatika. Jirani zetu wa Tanzania walilisema jambo hili kwa maneno matatu tu: cheo ni dhamana.

Nyuma ya hoja hiyo ipo fikra nyingine iliyo kubwa zaidi, ile ya haki za asili. Maana yake ni kwamba mtu huzaliwa akiwa na haki fulani, kama vile haki ya kuishi na ya kutoteswa, na kwamba serikali huzikuta haki hizo, haizigawi. Wapo wanaodhani kwamba hii ni fikra ya kigeni iliyoletwa kwetu na mashirika ya Ulaya. Basi na waifungue Katiba ya Uganda ya mwaka 1995. Kifungu cha 20 kinasema bayana kwamba haki za msingi za mtu ni za kuzaliwa nazo, wala hazikutolewa na Dola. Kifungu cha 44 kinataja haki ambazo haziwezi kupunguzwa kwa hali yoyote ile, na miongoni mwazo imo haki ya kutoteswa na kutofanywa mtumwa. Na kifungu cha 221 kinatutaja sisi kwa majina yetu, yaani jeshi, polisi, magereza na idara zote za usalama, kikituwajibisha kuziheshimu haki hizo tunapofanya kazi zetu. Kwa hiyo askari anapokula kiapo cha kuilinda Katiba, huwa amekwisha kuapa kuulinda mpaka ninaouzungumzia hapa.

Haya yote ni rahisi kuyasema mtu akiwa ameketi ofisini. Ugumu uko mahali ambapo amri imetoka, saa zinakwenda, na mwenye kuamuru ana cheo kikubwa kuliko chako. Nitaeleza kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake amri ile ile ilitolewa kwa maofisa kadhaa siku ile ile, na maofisa hao wakatenda mambo tofauti.

Tarehe 29 Oktoba 1956 Israeli ilikuwa inaingia vitani na Misri katika vita vya Suez. Upande wa mashariki, karibu na mpaka wa Jordan, vilikuwako vijiji vya Waarabu ambao ni raia wa Israeli, lakini ambao wakati huo waliishi chini ya utawala wa kijeshi. Brigedia iliyokuwa na dhamana ya eneo hilo iliongozwa na Kanali Issachar Shadmi, na chini yake kiliwekwa kikosi cha Polisi wa Mpakani kilichoongozwa na Meja Shmuel Malinki. Siku hiyo iliamuliwa kwamba amri ya kutotoka nje, ambayo kwa kawaida ilianza saa 3 usiku, ianze saa 11 jioni katika vijiji vinane. Meja Malinki aliwakusanya maofisa wake akawaeleza kwamba hakutakuwa na kukamata watu: atakayeonekana nje ya nyumba yake baada ya saa hiyo, apigwe risasi.

Afisa mmoja aliuliza swali ambalo afisa yeyote mwenye akili timamu angeliuliza. Je, wale waliokwenda mashambani na viwandani, ambao hawana habari ya mabadiliko haya, nao watafanywaje watakaporudi? Kwa ushahidi uliotolewa baadaye mahakamani, Malinki alijibu kwa maneno ya Kiarabu yenye maana ya Mungu awarehemu, akasema kwamba hilo ndilo jibu alilopewa na kanali wake. Kanali alikana kuyasema. Tuone hapo jinsi amri mbaya inavyosafiri: haikuandikwa mahali popote, imefunikwa kwa neno la dini, na kila mwenye cheo anaweza kesho yake kusema kwamba hakueleweka.

Katika kijiji cha Kafr Qasim, mkuu wa kijiji alipewa habari saa 10 na nusu alasiri, nusu saa tu kabla ya amri kuanza. Alimwambia sajini aliyemletea habari hiyo kwamba watu wapatao 400 wako kazini nje ya kijiji, na kwamba hakuna njia ya kuwafikia kwa muda huo. Sajini akamhakikishia kwamba watapita salama. Platuni iliyopangiwa kijiji hicho iliongozwa na Luteni Gabriel Dahan, naye aliwagawa askari wake katika vikundi na kimoja akakiweka kwenye lango la magharibi. Watu wakaanza kurudi, wengine kwa baiskeli, wengine kwa mikokoteni, wengine katika malori. Waliteremshwa, wakapangwa, wakapigwa risasi. Sehemu kubwa ya mauaji ilifanyika katika muda wa saa moja. Waliouawa hawakupungua 47, wakiwamo wanawake na watoto wengi. Wenyeji wenyewe huhesabu 49.

Sasa tutazame vijiji vingine. Amri ilikuwa ile ile, ilitoka katika kinywa kile kile, na maofisa walikuwa wa kikosi kile kile. Hata hivyo, katika vijiji vingi kati ya vile vinane wafanyakazi waliochelewa waliingia majumbani mwao wakiwa hai, kwa kuwa makamanda wadogo waliokuwa pale hawakuwaruhusu askari wao kuwafyatulia risasi watu wanaotoka kazini. Hawakufanya maasi. Hawakumpigia meja simu kumtukana. Walikaa kwenye malindo yao, wakaitimiza amri ya kutotoka nje kama amri ya kutotoka nje inavyotimizwa mahali pote, yaani kwa kuwaingiza watu ndani. Mimi naona kwamba hapa ndipo penye uzito wote wa kisa hiki. Mtu anayesema kwamba Luteni Dahan hakuwa na njia nyingine ajibiwe kwamba wenzake wa cheo chake, umbali wa kilomita chache tu, walikuwa nayo.

Kwa majuma kadhaa serikali ya Israeli ilizuia magazeti yasiandike habari hizo, mpaka wabunge na watu wengine, akiwamo mbunge Tawfik Toubi, walipozitoa kwa nguvu. Maofisa na askari 11 walishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na mwezi wa Oktoba 1958 wanane kati yao walitiwa hatiani. Malinki alihukumiwa kifungo cha miaka 17, na Dahan pamoja na askari mmoja wa chini yake miaka 15 kila mmoja. Utetezi wao ulikuwa mmoja: tuliamriwa.

Jaji Benjamin Halevy, aliyeandika hukumu, aliukataa utetezi huo, lakini aliukataa kwa uangalifu ambao askari anapaswa kuufahamu. Hakusema kwamba askari aichunguze kila amri kama wakili. Alikubali kwamba zipo amri ambazo uharamu wake umejificha katika vifungu vya sheria, na kwamba askari anayezitii kwa nia njema hana lawama. Alisema kwamba ipo amri ya aina nyingine, ambayo uharamu wake unalichoma jicho na kuufadhaisha moyo, kama jicho halikupofuka na moyo haukuoza. Juu ya amri ya namna hiyo, alieleza jaji, ni kama kwamba inapepea bendera nyeusi ya onyo yenye kusema: marufuku. Amri hiyo askari hana wajibu wa kuitii. Wajibu wake ni kuikataa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1961, Halevy alikuwa mmoja wa majaji watatu waliomhukumu Adolf Eichmann, afisa wa Kinazi aliyewasafirisha Wayahudi kwenda kuuawa, ambaye naye alijitetea kwa kusema kwamba alitii amri.

Fundisho la bendera nyeusi hufundishwa kwa askari wa Israeli tangu wakati huo. Kama linafuatwa siku zote ni swali jingine, na kisa chenyewe kinatoa sababu ya kuliuliza. Wafungwa wale walipunguziwa vifungo mara kadhaa, na mwanzoni mwa mwaka 1960 wote walikuwa nje. Kanali Shadmi alishtakiwa peke yake, akaonekana na kosa la kuvuka mamlaka yake katika kubadilisha saa, akatozwa faini ya sarafu moja ndogo isiyotosha kununua chochote cha maana. Askari wa cheo cha chini na autazame ukweli huo bila ya kupepesa macho. Amri haramu ikishuka kutoka juu, hukumu mara nyingi huishia chini. Kwa hiyo mwenye haja kubwa kabisa ya kuujua mpaka wa utii ni koplo na konstebo, kabla ya jenerali.

Wala Israeli haikuwa ya kwanza. Mwaka 1921, mjini Leipzig, mahakama ya Ujerumani yenyewe iliwatia hatiani maofisa wawili wa manowari iliyoizamisha meli ya hospitali iliyoitwa Llandovery Castle mwaka 1918, kisha ikazipiga mashua zilizobeba watu waliookoka. Mahakama ilisema kwamba hata mtu asiyesoma alijua kuwa kuwapiga watu walio katika mashua za kuokolea ni haramu, na amri ya nahodha haikuwasaidia. Msingi huo ndio ulioingia Nuremberg mwaka 1945, ukaingia pia katika mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambao kifungu chake cha 33 kinasema kwamba amri ya kuua kimbari au ya kutenda jinai dhidi ya ubinadamu ni haramu waziwazi daima.

Wapo askari waliokwenda mbali zaidi ya kutofyatua risasi. Tarehe 16 Machi 1968, katika kijiji cha My Lai nchini Vietnam, askari wa Marekani waliwaua mamia ya wanakijiji wasio na silaha. Wavietnam wanahesabu 504. Afisa mteule Hugh Thompson, rubani wa helikopta mwenye umri wa miaka 24, aliona kutoka angani mtaro uliojaa maiti. Aliteremsha helikopta yake kati ya askari wa nchi yake na wanakijiji waliokuwa wamejificha katika handaki, akawaambia wenzake wawili, Glenn Andreotta na Lawrence Colburn, kwamba askari hao wakiwapiga risasi raia wale, nao wawapige askari. Kisha akaita helikopta nyingine, watu wapatao kumi wakaondolewa. Alitoa taarifa kwa wakubwa wake, na amri ya kusimamisha mauaji ikatoka. Kwa miaka mingi alichukiwa na baadhi ya watu wa nchi yake. Nishani ilimfikia mwaka 1998, miaka 30 baadaye, na Andreotta alikuwa amekwisha kufa vitani wiki chache tu baada ya siku ile.

Msomaji wangu aliye askari atasema: vyema, lakini Thompson alikuwa na helikopta na bunduki mbili nyuma yake; mimi nitakayewekewa bastola kichwani nifanyeje? Swali hilo ni la haki, na sheria imekwisha kuulizwa. Drazen Erdemović alikuwa askari wa miaka 23 katika jeshi la Waserbia wa Bosnia. Tarehe 16 Julai 1995, katika shamba la Branjevo, kikosi chake kiliamriwa kuwaua wanaume walioletwa kwa mabasi kutoka Srebrenica. Alikataa. Akaambiwa kwamba akiwaonea huruma, atoe bunduki yake akasimame pamoja nao. Akafyatua risasi, kwa makisio yake mwenyewe aliua watu wapatao 70. Mwaka 1997 majaji watano wa rufaa waligawanyika, watatu kwa wawili. Watatu walisema kwamba tishio la kifo haliwezi kumfutia askari kosa la kuua watu wasio na hatia, ingawa linaweza kumpunguzia adhabu. Wawili hawakukubali. Mwisho alipewa miaka 5.

Mimi siwezi kumhukumu Erdemović, na nadhani afisa anayemhukumu upesi hajawahi kusikia mlio wa bastola ikikokiwa karibu na sikio lake. Lakini kuna jambo moja katika ushahidi wake ambalo hutajwa kwa nadra. Siku ile ile, baada ya kazi ya Branjevo, waliamriwa kwenda kuwaua watu wengine 500 waliofungiwa katika ukumbi uliokuwa karibu. Hapo Erdemović alikataa tena, na safari hii baadhi ya wenzake walikataa pamoja naye. Hawakuuawa. Mtu mmoja anayekataa ni mkaidi, na ni rahisi kumtisha. Watatu wanne wakikataa kwa pamoja, mwenye kuamuru huanza kuhesabu.

Hapa kwetu tunalo jeraha letu. Dominic Ongwen alitekwa na waasi wa LRA akiwa mtoto, akakua mpaka akawa kamanda. Mwaka 2021 mahakama ya Hague ilimtia hatiani, ikampa kifungo cha miaka 25. Majaji waliukataa utetezi wa kwamba alitenda kwa kulazimishwa, kwa sababu wengine walitoroka na yeye, akiwa na cheo chake, alikuwa na nafasi ya kufanya hivyo. Utoto wake uliotekwa ulimpunguzia adhabu, haukumfutia kosa.

Tuyaache mahakama, turudi kambini. Nilipokuwa katika chuo cha maofisa, mkufunzi wetu alitupa fumbo. Doria ya watu sita imemteka adui mmoja ndani kabisa ya eneo lake. Haiwezi kumchukua, kwa kuwa ina safari ya siku mbili. Ikimwacha ataenda kusema. Kamanda anasema kwa redio: mtu huyo asionekane tena. Darasa zima tulinyamaza, kisha tukaanza kutafuta maneno mazuri ya kumwulia mtu yule. Jibu la sheria ni fupi kuliko yote tuliyoyasema. Itifaki ya mwaka 1977 iliyoongezwa kwenye mikataba ya Geneva inasema kwamba mateka ambaye hali ya mapigano haikuruhusu apelekwe nyuma, aachiliwe, na hatua zote zinazowezekana zichukuliwe ili awe salama. Doria ibadilishe njia yake. Mkufunzi aliongeza kwamba kamanda yule hakusema ua, na kwamba hakusema kwa makusudi.

Ndiyo sababu jambo la kwanza la kufanya mbele ya amri ya namna hiyo ni kuomba irudiwe kwa maneno kamili. Afande, sijasikia vizuri. Unaamuru nimpige risasi mateka asiye na silaha? Ombi hilo si ukaidi, kwani kuthibitisha amri ni sehemu ya mafunzo yetu yote ya redio, na amri nyingi za giza hufa pale zinapotakiwa kutamkwa mchana. Ikirudiwa, askari anaweza kuomba iandikwe, au itolewe mbele ya afisa mwingine. Ikirudiwa tena, ataikataa kwa heshima, kwa sauti ya kawaida, akibaki katika lindo lake na tayari kupokea amri nyingine yoyote iliyo halali.

Kwa ndugu zetu wa polisi jambo ni wazi zaidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya utesaji wa mwaka 1984, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1986, unasema kwamba amri ya mkubwa haiwezi kuwa sababu ya kumtesa mtu. Sheria yetu wenyewe ya mwaka 2012 imefuata msimamo huo. Nayo misingi ya Umoja wa Mataifa juu ya matumizi ya silaha, iliyopitishwa Havana mwaka 1990, inamlinda polisi asiadhibiwe anapokataa kutekeleza amri ya kutumia nguvu kinyume cha sheria, na inawawajibisha pia wale waliotoa amri. Konstebo aliyepewa mtuhumiwa usiku akaambiwa amlainishe kabla ya asubuhi, na afungue kitabu cha matukio cha kituo, aandike saa, hali ya mtuhumiwa kama alivyompokea, na jina la aliyemkabidhi. Akimaliza, amwombe mkubwa wake atie sahihi chini ya maneno hayo.